Kabla ya kumfungulia moyo mshauri nasaha, uliza maneno yako yanakwenda kwa nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu dada wa Kihonda, ambaye barua yake ilitoka katika ukurasa huu juma lililopita. Mume wake anaendesha lori la masafa marefu, hapati usingizi tangu aliposhuhudia ajali mbaya, na hospitali wamemwelekeza aonane na mshauri nasaha. Mume hataki. Anasema, "Nikamweleze nini mtu nisiyemjua?" Dada anauliza amshawishi vipi.

Mimi ni dereva wa mabasi ya mikoani, ruti yangu ni Dar es Salaam kwenda Mbeya, na mke wa dereva yeyote kwangu ni shemeji. Kwa hiyo nasema naye kama shemeji yangu: usianze kwa kumshawishi. Lipokee swali lake kama lilivyo, maana ni swali zuri sana kwa mtu anayetaka kuanza ushauri nasaha. Huyu mtu ni nani? Anamfanyia kazi nani? Nikishamwambia, maneno yangu yanaishia wapi? Sisi hatuliondoi gari stendi kabla ya kulizunguka, kugonga matairi na kukanyaga breki, na hakuna abiria anayetuita waoga kwa hilo. Mumeo naye ana haki ya kukagua kabla ya kuondoka.

Ukubali pia, Mhariri, nikuombe uhifadhi jina langu. Zipo familia zinazosoma gazeti hili ambazo zilipoteza watu wao katika gari nililokuwa naliendesha, na sitaki zikutane na jina langu ghafla.

Ilikuwa kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni. Lori lililokuwa linateremka lilikosa breki, likahamia upande wangu. Gari langu lilikuwa limejaa. Baadhi ya abiria wangu hawakufika walikokuwa wanakwenda. Uchunguzi ulisema kosa halikuwa langu, lakini hilo halikunirudishia usingizi. Nikisikia lori linaachia upepo wa breki pale mizani, mikono ilikuwa inatoka jasho mpaka usukani unateleza. Nikianza kusinzia usiku naona kioo cha mbele kinakuja. Nyumbani nikawa mkali kwa watoto, sauti ya sufuria kuanguka jikoni ilitosha kuniinua kwenye kiti.

Tajiri wa gari alinipeleka kwa mshauri ambaye analipwa na ofisi. Nilikaa, nikafunguka. Nilisema kwamba naogopa mteremko wa Kitonga, kwamba nimeanza kunywa pombe kali ili nilale, na kwamba zipo siku nilitamani ningekwenda na wale abiria. Halikupita juma, meneja akaniita akanisomea maneno yangu mwenyewe kutoka kwenye karatasi iliyochapwa. Alianzia la pombe. Usukani nikanyang'anywa, na hilo ningeweza kulielewa. Kilichoniumiza ni kwamba kwa muda mrefu baada ya hapo sikuzungumza na mtu yeyote jambo lolote zito, hata mke wangu. Kila nikitaka kufungua mdomo naiona ile karatasi.

Sitaji ofisi wala mtu. Sikuandika barua hii kumshtaki yeyote. Naandika kwa sababu jambo lile lingezuilika kwa swali moja katika dakika ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mgonjwa anaruhusiwa kuliuliza. Mwandikie mumeo kwenye karatasi, shemeji, aiweke mfuko wa shati: "Nani anakulipa kwa kikao hiki, na nani mwingine atapata taarifa yoyote juu yangu?"

Mshauri anayelipwa na mwajiri si lazima awe mtu mbaya. Wapo waaminifu, na kwa dereva asiye na kitu, kikao kinacholipiwa na kampuni ni msaada mkubwa. Lakini mpaka uwekwe kwanza, na uwekwe kwa maandishi. Kwa maoni yangu mwajiri anahitaji kujua jambo moja tu: huyu dereva yuko tayari kubeba abiria, au bado? Hilo ni jibu la mstari mmoja. Ulilia kitu gani, uliota nini, baba yako alikufa vipi, ndoa yako ikoje, hayo hayamhusu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, na sheria hiyo inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambako mwananchi anaweza kupeleka malalamiko. Madereva wengi hatujui kama kuna kitu kama hicho. Tunajua namba za trafiki wa kila kituo kuanzia Kibaha hadi Uyole, ila hili hatulijui.

Utapewa fomu ya ridhaa. Isome yote, na kama maandishi ni madogo omba usomewe. Tafuta mstari unaosema unaruhusu taarifa zako zitolewe, kisha angalia limeandikwa jina la nani baada ya hapo. Mahali pakiwa wazi, piga mstari pafungwe kabla hujasaini. Omba nakala. Ukiambiwa nakala hazitolewi, uliza kwa nini, na usisaini mpaka upate jibu linaloeleweka.

Mshauri aliyenisaidia nilimpata baadaye, katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya serikali. Mama wa makamo, sauti ya chini. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza, viti viwili, feni. Kiti changu alikiweka upande wa mlango ili nisijione nimefungiwa, na alinieleza hivyo waziwazi. Kabla sijasema neno, alizungumza yeye. Aliniambia kwamba ninayoyasema yanabaki pale, isipokuwa katika mambo machache, akayataja: kama maisha yangu yako hatarini, kama nataka kumdhuru mtu mwingine, kama kuna mtoto anayefanyiwa ukatili, au kama mahakama imetoa amri. Wenye kazi yao wanayataja hayo mapema, kabla hujatoa siri. Anayekuambia "hapa hakitoki kitu chochote kamwe" anakuahidi asichoweza kukitimiza, na ukigundua hivyo baadaye utajisikia umesalitiwa.

Nilimwuliza lililokuwa linanikaa rohoni. "Mama, nikikwambia nasinzia kwenye usukani, utampigia trafiki?"

Akasema, "Baba, ukiniambia hivyo, kazi yetu ya siku hiyo itakuwa kupanga wewe mwenyewe upumzike. Ukikataa, na kesho una gari zima la watu, sitanyamaza. Lakini utajua kabla sijanyanyua simu, na utajua nitasema nini na kwa nani."

Jibu lile ndilo lililonirudisha kwake juma lililofuata. Sikupenda kila neno, lakini niliujua mpaka.

Kuna hofu nyingine wanaume wengi wanayo na hawaitaji. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo mtu anaona akimwambia mshauri kwamba amechoka kuishi, atatoka pale akiwa na pingu. Kifungu hicho kinazungumzia mtu aliyejaribu. Kuwa na mawazo hayo na kuyasema kwa mtaalamu ni kutafuta tiba, na mtaalamu yupo kwa ajili hiyohiyo. Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, namba 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba yao. Natamani na sisi tulizungumze hilo bungeni, maana sheria inayomwogopesha mgonjwa asiseme inamwacha peke yake na lile wazo. Na kama mumeo, shemeji, ameshafika mahali pa kusema anataka kujimaliza, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura, usiku ule ule, na asiachwe peke yake njiani wala kitandani.

Siku ya kwanza pia huwa kuna maswali ya kupima hali. Dodoso ninalolikumbuka lina maswali 9, yote yanahusu wiki mbili zilizopita: kama umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa na umeiangusha familia yako, na mengine. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na swali la tisa linauliza kuhusu kufikiria kufa au kujidhuru. Watu wengi huandika "hapana" pale bila kusoma. Namwomba mumeo alijibu kwa ukweli. Alama zile zinarudiwa baada ya muda, ndipo wewe na mshauri mnaona kama mnapanda au mnateremka, badala ya kukisia.

Sasa, ni nani hasa anayekaa upande wa pili wa meza? Majina yanachanganya watu, nami yalinichanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea akili na tabia za watu, anatibu kwa mazungumzo na mazoezi, na kwa kawaida haandiki dawa. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Dar es Salaam, wanafundisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Mshauri nasaha anaweza kuwa na shahada, au muuguzi aliyeongezewa mafunzo, au mtu aliyepata kozi fupi. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza miaka ya 2000, kwenye vituo vya kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari, na ndiyo maana mpaka leo ukisema unakwenda kwa mshauri nasaha mtu anakuangalia kwa jicho hilo. Afisa ustawi wa jamii naye ana kazi yake, hasa panapokuwa na mambo ya watoto na matunzo. Na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa walipitie kabla ya kudai talaka mahakamani, ni kitu tofauti kabisa. Pale mnasikilizwa nyote wawili na taarifa inaandikwa kwa ajili ya mahakama. Usiende baraza ukidhani uko kwenye tiba.

Kwa hiyo mwulize amesomea wapi, amesajiliwa na nani, na nani anamsimamia. Daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya wana sheria maalumu ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Mwenye sifa hachukii kuulizwa. Yule mama alinionyesha cheti kabla sijamaliza sentensi, na akanitajia kwamba ana mkubwa wake anayejadiliana naye kesi ngumu bila kutaja majina ya wagonjwa.

Lakini elimu kubwa si kila kitu, na hapa nitoe mfano unaonigusa sana kama mtu wa mabasi. Dokta Dixon Chibanda wa Zimbabwe, bingwa wa magonjwa ya akili, alimpoteza binti mmoja aliyekuwa mgonjwa wake. Binti yule alijiua. Familia ilikuwa imepanga kumleta hospitali, ikashindwa kwa kukosa nauli ya basi, dola 15. Mwaka 2006 daktari huyo akaanza na bibi 14 wa Mbare, mjini Harare, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu apange namna ya kutatua tatizo lake, wakakaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Bibi wale si madaktari, ila wamefundishwa, wana utaratibu wanaoufuata na wana wa kuwasimamia. Hayo matatu ndiyo ya kuyatafuta.

Na habari ya nauli isikupite hivihivi. Kabla ya kukubali tarehe, piga hesabu ya kwenda na kurudi kwa vikao kadhaa, si kimoja. Kikao ni kama dakika 50, na mara nyingi ni kila juma mwanzoni. Uliza bei kabla ya kuingia, uliza dirishani kama bima yako inalipia, uliza ukishindwa kufika kwa sababu gari limeharibika Chalinze itakuwaje. Dereva hana ratiba ya ofisi. Wapo washauri wanaokubali kufanya kikao kwa simu, na kwa mtu wa safari ni msaada, ila ukae mahali ambapo utingo hakusikii. Nimemwona dereva kijana akizungumza na mshauri wake akiwa kwenye kiti cha nyuma cha basi pale stendi ya Msamvu, watu wanapita kuuza karanga na maji dirishani. Alikuwa anajibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Usiende ukitarajia kuhubiriwa wala kupewa amri. Nilitegemea yule mama aniambie, "Fanya hivi, acha hivi." Aliuliza, alinyamaza, akauliza tena. Mwanzoni iliniudhi. Baadaye nikaona kwamba ukimya wake ulikuwa unanipa nafasi ya kusema ambalo sijawahi kulisema. Imamu wa msikiti wetu alikuwa ameniombea dua mara nyingi, na ninamshukuru, kwa sababu ni yeye aliyeniambia, "Dua inaendelea, lakini hospitali nenda." Kiongozi wa dini wa namna hiyo ni msaada mkubwa. Anayekuambia uchague kati ya imani na kliniki anakupunguzia msaada wakati unauhitaji wote.

Mumeo ajue pia kwamba hali inaweza kuwa mbaya kidogo kabla ya kuwa nzuri. Baada ya vikao vya mwanzo nililala vibaya kuliko nilivyokuwa nalala. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba inaweza kutokea, kwa hiyo sikukimbia. Nisingeambiwa, ningesema hawa wananimaliza. Ukipata hali hiyo, mwambie mshauri kwenye kikao kinachofuata, apunguze mwendo.

Na kuna kazi za nyumbani. Njia iliyotumika kwangu inaitwa tiba ya fikra na mwenendo. Sehemu yake moja ni kurudi kidogo kidogo kwenye kile unachokiogopa, huku umefundishwa kupumua na kuyapima mawazo yako. Hatua ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye basi lililoegeshwa, injini imezimwa, kiti cha abiria, mpaka jasho likauke. Nilikuwa nampa mama namba ya woga wangu kutoka 0 hadi 10, kabla na baada. Nilipoweza hilo, injini ikawashwa. Kisha nikasafiri kama abiria, upande wa dirishani, Msamvu mpaka Doma na kurudi. Kisha Mikumi. Kisha nikashika usukani wa gari tupu ndani ya gereji, mbele na nyuma, fundi amesimama pembeni. Kuna hatua niliirudia mara nyingi sana mpaka nikaichoka, na mama akaniambia kuichoka ndiko tunakokutafuta, maana mwili unaochoka na kitu umeacha kukiogopa. Mwisho nikashuka Kitonga mchana kweupe, gia ndogo, dereva mwenzangu kakaa kiti cha utingo. Lori likaachia upepo wa breki mbele yangu kwenye kona. Niliusikia, moyo ukapiga, nikahesabu pumzi, kona ikaisha. Nawaomba wenzangu wasijaribu hatua hizi kwa pupa peke yao. Ukizifanya haraka, woga unazidi kujichimbia.

Dawa sikupewa na mshauri. Alinipeleka kwa daktari, daktari akaniandikia. Dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na haziachwi ghafla siku unapojisikia vizuri. Mwulize daktari kwanza. Dereva amwulize pia waziwazi kama dawa hiyo inaleta usingizi na kama anaweza kuendesha akiwa ameimeza. Na pombe aitaje, kiasi chake cha kweli, kwa sababu pombe na baadhi ya dawa hizo ni hatari zikikutana.

Akiona mshauri anaahidi kumponya kwa kikao kimoja, anamuuzia dawa kwenye mfuko, anamshikashika, anamkopa fedha, au anamsimulia mambo ya mgonjwa mwingine, anyanyuke aondoke. Hilo la mwisho halihitaji ushahidi zaidi. Lakini kama ni kwamba hamwelewani tu, au anataka mwanamume mwenzake, au mtu wa kuzungumza naye Kiswahili cha kawaida bila misamiati ya darasani, aseme. Kubadilisha mshauri ni jambo linaloruhusiwa, na mtaalamu mzuri atamwelekeza kwa mwingine bila kununa.

Nawe, shemeji. Najua unataka kuingia naye. Msindikize mpaka kwenye benchi la kusubiri, ubaki hapo, labda mwenyewe aombe uingie. Akitoka usimwulize, "Umemwambia nini?" Mke wangu alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu, "Tunapita sokoni au tunakwenda nyumbani?" na nilimpenda kwa hilo kuliko anavyojua. Mambo niliyotaka ayajue niliyasema mwenyewe, yalipokuwa tayari. Ukiona wewe pia umechoka, maana kulala karibu na mtu anayepiga kelele usiku si kazi ndogo, una haki ya kikao chako, na mtu mwingine wa kukusikiliza.

Mhariri, nina ombi kwa wamiliki wa mabasi kupitia chama chao, TABOA, kwa wenye malori, na kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ambao ndio wanaotupima na kututhibitisha sisi madereva. Baada ya ajali yenye vifo, dereva apewe nafasi ya kuonana na mtaalamu kwa gharama ya kampuni, hilo wengine wameshaanza kulifanya na nawapongeza. Lakini uwepo mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosainiwa na watu watatu: dereva, mshauri na mwajiri. Uandike kwamba mwajiri atapata tarehe za vikao na mstari mmoja wa kusema yuko tayari kuendesha au bado, basi. Uandike ni mambo gani yanaweza kuvunja siri, kwa majina yake. Uandike dereva akilalamika aende wapi. Na useme kwamba dereva aliyekiri hali yake mapema, kabla haijamfikisha kwenye ajali, atapewa mapumziko na kurudishwa kazini akipona, asifukuzwe. Bila kipengele hicho cha mwisho, madereva watakaa mbele ya mshauri wakisema kila kitu kiko sawa, kisha watarudi kwenye usukani usiku huohuo wakiwa na watu wenu nyuma yao.

Wako,
Dereva wa mabasi ya mikoani,
Msamvu, Morogoro
(Jina na anwani vimehifadhiwa)